Choo chenye makamasi: lini ni kawaida, na lini uende hospitali

Ami yangu alikuwa mtu wa baraza. Bei ya samaki, siasa za kaunti, nani kaposa wapi, yote aliyasema bila kificho. Jambo moja tu alilificha kwa mwaka na nusu: kila akienda haja kubwa alikuwa akitoa makamasi, na baadaye makamasi yenye michirizi ya damu. Alijiamulia mwenyewe kuwa ni bawasiri, akawa anajitibu kwa majani ya kuchemsha na vidonge vya kununua dukani. Mimi nilikuwa muuguzi, naishi mtaa wa pili kutoka kwake, na kila Ijumaa baada ya sala nilikuwa nikila chakula cha mchana kwake. Hakuniambia. Siku alipomwambia mkewe, kanzu zake zilikuwa zimeshampwaya, na uvimbe ulioanzia kwenye utumbo mpana ulikuwa umeshafika kwenye ini. Tulimzika kabla ya mwaka kwisha.

Nimestaafu sasa, lakini bado naulizwa swali hili kwa sauti ya chini, mara nyingi na mtu anayeanza kwa kusema, "Si mimi, ni jirani yangu." Basi nitalijibu hapa hadharani, kwa maneno yetu ya kawaida, ili jirani huyo naye asome.

Makamasi yenyewe ni nini

Utumbo wa kila mtu hutengeneza ute. Kwenye ukuta wa utumbo kuna seli ndogo sana zenye umbo kama la bilauri, na kazi yao ni kutoa ute huo mchana na usiku. Ute hulainisha njia ili choo kipite bila kukwaruza. Katika utumbo mpana hufanya kazi ya pili pia: huwa kama pazia linaloutenga ukuta wa utumbo na mabilioni ya bakteria wanaoishi humo ndani. Pazia likitoboka, bakteria hugusa ukuta na kuuwasha. Kwa hiyo kila choo kina ute, ila kwa kawaida ni mchache na umechanganyika, jicho haliuoni.

Huonekana pale utumbo unapochokozwa ukatoa mwingi kupita kiasi. Wengine huuona kama maji ya bamia, wengine kama ute mweupe wa yai, wengine kama nyuzi au kipande cha jeli kilichoshikamana na choo. Rangi huwa nyeupe au manjano, na ikiwa nyekundu au ya waridi, hiyo ni damu na mazungumzo hubadilika hapo hapo.

Lakini kuna shida moja kwetu Pwani ambayo vitabu havisemi: wengi wetu hatuoni kitu. Choo cha shimo ni giza, na choo cha kuchutama, ukimwaga ndoo, kila kitu kimekwenda kabla hujageuka. Wanaojisafisha kwa maji, na hao ndio wengi wetu, mara nyingi huhisi kabla ya kuona: mkono wakuta utelezi ambao zamani haukuwepo. Utelezi huo ni habari. Ukiuhisi kwa siku kadhaa mfululizo, chukua tochi ya simu uangalie. Naam, nasema uangalie, na hakuna aibu yoyote ndani yake.

Pasipo na haja ya wasiwasi

Makamasi kidogo, mara moja au mbili, bila damu, bila homa na bila maumivu makali, kwa kawaida hupita yenyewe. Huja baada ya tumbo la kuendesha la siku moja au mbili, wakati utumbo bado unajisafisha. Huja pia kwa mtu aliyefunga choo kwa siku nyingi. Choo kigumu kinaposukumwa hukwaruza njia, na utumbo hujikinga kwa ute. Huyu dawa yake ni maji, mboga, matunda na kutembea.

Dawa zetu za kusafisha tumbo nazo zina mkono. Sanamaki, haluli na shubiri hufanya kazi kwa kuuchokoza utumbo au kuvuta maji ndani yake, na aliyekunywa kikombe cha sanamaki jioni asishangae akiona ute asubuhi. Aache, asubiri siku chache, aone. Anayezinywa kila wiki kwa miaka, akitafuta wepesi, namshauri azungumze na daktari kwanza.

Kuna kundi jingine, na hapa ndipo wanapoingia vijana wengi walio na mitihani na akina mama wenye mawazo mengi. Tumbo huwasokota, wakienda haja hupata nafuu, mara choo kigumu, mara laini, na ute mweupe hutoka mara kwa mara kwa miezi. Hakuna damu, uzito uko pale pale, na usiku wanalala bila kuamshwa na tumbo. Hali hii ni ya utumbo mwepesi wa kuchokozeka. Yasumbua kweli, lakini haigeuki kuwa saratani, na kupunguza vyakula fulani na msongo wa mawazo husaidia. Ila jina hili yafaa lipewe na daktari baada ya kuyaondoa mengine. Usijipe mwenyewe.

Kuhara damu, na hii hadithi ya amiba

Sasa tufike kwenye jambo linalowapeleka wengi duka la dawa. Mtu anaharisha kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, tumbo lasokota, akikaa chooni anajikamua na hakitoki kitu ila kijiko kimoja cha makamasi na damu. Anainuka, na kabla hajafika mlangoni anahisi arudi tena. Huko ndiko kuhara damu.

Nyumba nzima itakwambia ni amiba. Pengine ni kweli, lakini mara nyingi sivyo. Kuhara damu husababishwa zaidi na bakteria, na anayeongoza ni yule aitwaye Shigella. Huyu ni mwepesi ajabu: bakteria kati ya 10 na 100 wanatosha kumwangusha mtu mzima, kiasi ambacho chaweza kubebwa na ukucha mmoja. Humshika mtu siku moja hadi tatu baada ya kumuingia, huja na homa, na humaliza familia nzima ndani ya wiki. Amiba kwa kawaida huja polepole, wiki mbili hadi nne baada ya kula au kunywa kilichochafuka, na homa mara nyingi haipo au ni ndogo.

Kwa nini nakazania tofauti hii? Kwa sababu dawa ni tofauti. Vidonge vya Flagyl, ambavyo wengi wetu twavinunua kama peremende, huua amiba aliye kwenye ukuta wa utumbo, lakini Shigella havimfanyi lolote. Mgonjwa wa Shigella akipewa Flagyl atapoteza siku tatu au nne, na mtoto mdogo hana siku nne za kupoteza. Na hata mwenye amiba wa kweli hamalizani naye kwa Flagyl peke yake. Dawa hiyo haifagii mayai yake yote yaliyomo ndani ya utumbo, hivyo daktari huongeza dawa ya pili ya kuyamaliza. Asiyepewa hiyo ya pili aweza kurudi na maradhi yale yale baada ya miezi, akasema amelogwa.

Amiba akiachwa huweza kusafiri kwa damu hadi kwenye ini na kutengeneza jipu humo. Dalili zake ni homa na maumivu chini ya mbavu za kulia, pengine wiki au miezi baada ya tumbo kupona, na huwapata zaidi wanaume watu wazima. Mwenye hali hiyo asikae nyumbani.

Upande wa pili kuna dawa za kufunga tumbo. Mwenye kuhara damu au mwenye homa asizitumie bila daktari. Zinalisimamisha tumbo huku maradhi yakiwa yamefungiwa ndani, na madhara yake yaweza kuwa makubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Haya yote yaingia kwa njia ya mdomo, na kwetu mlango mkubwa ni maji. Mombasa hutegemea maji ya Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, nayo hayatoshi, basi tunarudi kwenye visima na mikokoteni. Ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe, yana matundu na nyufa, na maji ya choo hupita humo upesi hadi kisimani bila kuchujwa vya kutosha. Kisima kilicho hatua chache kutoka choo cha shimo, hata kiwe na maji baridi na matamu kiasi gani, si cha kunywa hivi hivi. Klorini ya kutia majini huua bakteria wengi, lakini mayai ya amiba huvumilia kiasi hicho cha klorini. Kuchemsha hadi maji yatokote huua vyote. Mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kushika chakula hufanya kazi zaidi ya dawa zote nilizowahi kugawa.

Kipindupindu nacho nikitaje, kwani twakijua. Choo chake ni maji matupu yaliyofifia kama maji ya kuoshea mchele, yenye vipande vidogo vya ute vinavyoelea. Mara nyingi hakina damu wala maumivu makubwa, na ndiyo maana watu hukidharau. Mtu aweza kukauka maji na kufa ndani ya saa chache. Hapo usisubiri asubuhi.

Watoto

Mtoto anyonyaye maziwa ya mama ana choo laini cha manjano, na ute kidogo humo si ajabu. Akiwa na mafua, au anapoota meno na kutokwa na mate mengi, humeza ute na huutoa chini. Ikiwa ananyonya, anacheza na anaongeza uzito, mama atulie.

Ute mwingi unaoendelea kwa wiki, wenye nyuzi za damu, kwa mtoto mchanga mwenye ukurutu au asiyetulia, waweza kuwa ni mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, hata kama hupitia maziwa ya mama anayeyanywa. Mpeleke kliniki. Usimwachishe ziwa kwa kushauriwa na jirani.

Lakini kuna hali moja ambayo kila mama, bibi na yaya wa Pwani yampasa aijue. Kipande cha utumbo huteleza na kuingia ndani ya kipande kilicho mbele yake, kama vile mkono wa shati unavyojikunja ndani. Huwapata zaidi watoto wa miezi michache hadi mwaka mmoja hivi. Mtoto aliyekuwa mzima hulia ghafla kwa ukali, anakunja magoti kifuani, kisha anatulia na kulegea kama aliyechoka, kisha analia tena baada ya dakika kadhaa. Hutapika, pengine matapishi ya kijani. Baadaye hutoa choo cha ute uliochanganyika na damu, chekundu kama jemu. Choo hicho huja kwa kuchelewa na wengine hawakipati kabisa, kwa hiyo usikisubiri. Wengi wa watoto hawa hucheleweshwa nyumbani wakisingwa tumbo, wakipakwa mafuta, wakitiliwa mchango. Kipande cha utumbo kilichobanwa hukosa damu na hufa. Akiwahi hospitali yenye madaktari wa upasuaji, wengine hurekebishwa hata bila kupasuliwa. Huyu apelekwe saa hiyo hiyo, usiku wa manane ukiwa ndio huo.

Kwa mtoto anayeharisha kwa njia nyingine yoyote, kinachoua haraka ni kukauka maji. Mpe ORS, uichanganye kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, kidogo kidogo kwa kijiko. Pakiti ikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa si vya kilima. Kliniki watakupa zinki pia: miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi 6, na 20 kwa mkubwa zaidi, kwa siku 10 hadi 14, hata kama tumbo limesimama. Mwendelezee ziwa na chakula. Macho yakizama, machozi yakikosekana, ngozi ya tumbo ukiibana ikachelewa kurudi, nepi ikikaa kavu kwa saa sita, au mtoto akilegea asiweze kunywa, mpeleke. Choo chenye damu kwa mtoto, apelekwe siku hiyo hiyo hata kama anacheza.

Wakubwa kidogo, wale wanaocheza mchangani bila viatu, wana minyoo. Minyoo ya umbo la mjeledi ikizidi sana huleta choo cha ute na damu kwa muda mrefu, na nyama ya njia ya haja kubwa huweza kuchomoza nje mtoto anapojikamua. Kidonge kimoja cha shule si lazima kiimalize minyoo hii, yaweza kuhitaji dozi ya siku kadhaa. Kichocho cha Pwani, kwa upande wake, hujionyesha kwa damu kwenye mkojo. Kile cha utumbo ni cha upande wa Ziwa Victoria na sehemu nyingine za bara, basi aliyekaa huko na amewahi kuingia majini amwambie daktari.

Yanayokwenda polepole

Kijana wa miaka 20 au 25 aliyeambiwa ana amiba mara nne kwa mwaka mmoja, na kila mara akapewa vidonge vile vile, nina wasiwasi naye. Kuna maradhi ambapo kinga ya mwili yenyewe hushambulia utumbo mpana na kuutia vidonda. Mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 15 na 30, huleta damu na makamasi, na humwamsha mtu usiku kukimbilia choo. Hayana uhusiano na uchafu wala mdudu. Yana dawa zake, na dozi ya tano ya amiba haimo.

Bawasiri nayo hutoa damu nyekundu mbichi, huwasha, na pengine huvuja ute unaochafua nguo. Ni ya kawaida sana, na ubaya wake mkubwa ndio huo: kila damu hupewa jina lake. Ami yangu hakuwa mjinga. Alikuwa na bawasiri kweli tangu ujana, na alidhani ni ile ile.

Saratani ya utumbo mpana mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, na huchukua miaka, kwa kawaida 10 au zaidi, kabla ya kugeuka. Katika muda wote huo chaweza kuonekana kwa kamera nyembamba inayopitishwa njia ya haja kubwa, na kukatwa papo hapo. Mtu aliyetimiza miaka 45 hivi, au aliye na mzazi au ndugu aliyeugua, azungumze na daktari kuhusu kupimwa hata kama hana dalili. Na umri wowote, ukiona choo kimebadilika kwa zaidi ya wiki tatu, damu inarudi, uzito unapungua bila kujinyima chakula, au umeishiwa damu na hakuna anayejua imekwenda wapi, nenda. Aliyemaliza dozi ya antibiotiki karibuni kisha akaanza kuhara maji yenye ute arudi kwa aliyemwandikia. Mwenye usaha na maumivu kwenye njia ya haja kubwa yenyewe aeleze ukweli wote, maana magonjwa ya zinaa hufika huko pia na yanatibika.

Ukifika, sema hivi

Wengi hufika kwa daktari wakasema "tumbo" na kunyamaza. Daktari hawezi kubahatisha. Mwambie ilianza lini, mara ngapi kwa siku, rangi gani, damu imechanganyika au imekaa juu, unaamshwa usiku au la, umekunywa dawa gani, za dukani na za mitishamba. Ukiona haya kutamka, andika kwenye karatasi umpe. Pengine atahitaji kupima kwa kidole. Mwanamke ana haki ya kuomba tabibu wa kike, na mwanamume ajue kuwa dakika hiyo moja ndiyo iliyomkosa ami yangu.

Kuhusu kupeleka choo maabara, wengi hukiharibu nyumbani. Amiba hai huonekana kwa darubini choo kikiwa kibichi, ndani ya nusu saa hivi, basi ni bora ukitoe pale pale hospitali. Kisichanganyike na mkojo wala maji ya kujisafishia. Chagua sehemu yenye makamasi au damu uitie kwenye kichupa, kwani mdudu yuko hapo zaidi. Na ukisomewa "amiba", uliza kama ameonekana akiwa amemeza chembe nyekundu za damu. Yuko mwenzake asiye na madhara anayefanana naye kabisa kwenye darubini, na watu wengi hutibiwa kwa sababu yake huku ugonjwa wao halisi ukiwa haujaguswa.

Kipimo kingine ni cha kuotesha bakteria ili dawa sahihi ijulikane. Hicho majibu yake huchukua siku mbili au tatu, na sampuli huchukuliwa kabla hujameza kidonge chochote.